Sindano ingeshika

Mwaka 1994, wakati wa masika, mdogo wangu wa kiume alipatwa na degedege nyumbani kwetu Kibosho. Alikuwa na umri wa miaka miwili, nami nilikuwa na miaka 11. Homa ilikuwa imempanda tangu mchana, na mama alikuwa jikoni akiponda mtori kwa matumaini kwamba mtoto angeonja hata kidogo, ndipo nilipoona macho yake yakipinduka, mikono ikakakamaa, na mwili mzima ukaanza kutikisika. Jirani mmoja alijaribu kumtia kijiko katikati ya meno. Bibi alitukataza kulitaja jina la ugonjwa kwa sauti. Gari lilipatikana kwa jirani wa pili, pikapu ya kubebea ndizi, nalo likashuka polepole kwa sababu barabara ilikuwa tope tupu. Tulipofika kwenye kituo cha afya tuliambiwa kwanza tukate kadi, kisha ukaanza kutafutwa ufunguo wa kabati la dawa. Hadi mtoto anachomwa sindano ya diazepamu, alikuwa ametikisika kwa muda unaokaribia saa nzima. Sindano ya kwanza haikumtuliza. Baada ya ile ya pili alilegea kidogo, na muuguzi, mama wa makamo mwenye huruma ya kweli usoni, akamgeukia mama yangu na kumwambia: "Mama, mngewahi, sindano ingeshika."

Mama aliyabeba maneno hayo kwa miaka mingi. Homa ilipona, lakini kifafa kilimwandama mdogo wangu hadi ukubwani, na kila alipoanguka mama aliyarudia kwa sauti ya chini, kana kwamba ni hukumu aliyosomewa. Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa biolojia hapa Moshi mjini, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba muuguzi yule hakuwa akimlaumu mtu. Alikuwa akieleza, kwa neno sahihi kabisa la Kiswahili, jambo linalotokea kwenye utando wa seli ya neva. Dawa hushika pale penye kitu cha kushika, na kitu hicho nacho sharti kiwe kimeshikwa na kingine. Hicho kingine, protini iitwayo gefirini, ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu nimekisoma kwa miaka mingi na sijakiona kimeandikwa kwa lugha ambayo mama yangu angeielewa.

Wanafunzi wangu huja darasani wakiamini kwamba kazi ya neva ni kuamsha: neva moja inaiamsha nyingine, ujumbe unafika, mkono unanyanyuka. Nusu ya pili ya habari hawajaisikia. Ukikunja kiwiko, msuli wa mbele unakazwa, na papo hapo neva zinazoukaza msuli wa nyuma zinapaswa kunyamazishwa, la sivyo misuli yote miwili ingevutana na mkono ungebaki mgumu kama gogo. Kunyamazisha huko ni kazi inayofanywa kwa makusudi. Katika uti wa mgongo na shina la ubongo hufanywa zaidi na kemikali iitwayo glisini, na kwingineko katika ubongo hufanywa zaidi na kemikali iitwayo GABA. Seli moja humwaga kemikali hiyo kwenye sinapsi, yaani ule mwanya mwembamba wa takriban nanomita 20 unaoitenganisha na seli ya pili, na kwenye utando wa seli ya pili kuna vipokezi vinavyoisubiri. Kila kipokezi kimejengwa kwa vipande vitano vilivyozunguka tundu. Kemikali ikikigusa, tundu linafunguka, ioni za kloraidi, yaani chembe zenye chaji hasi, zinaingia, na seli inakuwa ngumu kuamshwa.

Aliyekulia huku mlimani Kilimanjaro anaujua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Maji huja kwa zamu, na zamu yako ikifika unaondoa jiwe na udongo uliozibia mahali pamoja tu, pale mfereji unapopita kando ya kihamba chako, shamba la migomba la nyumbani. Ukichimba tundu zuri kuliko yote hatua kumi kutoka kwenye mfereji, migomba yako haitapata hata tone. Kipokezi cha glisini kiko hivyo hivyo. Kemikali humwagwa mahali padogo mno na hudumu kwa wingi kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde, kisha hutawanyika na kufyonzwa, kwa hiyo kipokezi kilichokaa pembeni hakipati kitu cha maana. Vipokezi lazima visongamane mkabala na pale kemikali inapomwagwa. Tatizo ni kwamba utando wa seli ni wa mafuta, laini, na kila kilichomo huelea na kuteleza. Kipokezi kisichoshikwa kitajiendea.

Kinachokishika kiligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kingine. Mwaka 1982, Heinrich Betz na wenzake nchini Ujerumani walitaka kukipata kipokezi cha glisini kikiwa safi, bila protini nyingine. Walitumia strikinini, sumu itokayo kwenye mbegu za mti wa Asia, ambayo hukiganda kipokezi hicho kwa nguvu. Waliifunga sumu hiyo kwenye chembechembe ndogo ndani ya mrija, wakapitisha humo supu ya protini iliyotolewa kwenye uti wa mgongo wa panya, kisha wakaosha kila kisichonasa. Kilichobaki kilikuwa protini za ukubwa wa aina tatu, kwa kilodalton, kipimo cha uzito wa protini: 48, 58 na 93. Mbili za kwanza zilikuja kutambuliwa kuwa vipande vya kipokezi chenyewe, alfa na beta. Ile ya 93 haikupenya utando hata kidogo. Ilikaa upande wa ndani wa seli, imekishikilia kipokezi kwa chini. Ingekuwa rahisi kuiita uchafu ulioganda njiani. Hawakufanya hivyo, na mwaka 1992 jeni yake iliposomwa protini hiyo ilipewa jina la gefirini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya daraja, kwa kuwa ilishika kipokezi kwa upande mmoja na tubulini, mojawapo ya protini za mifupa ya ndani ya seli, kwa upande mwingine.

Jina la daraja ni zuri, ingawa mimi darasani hupendelea nyumba ya udongo. Fundi husimamisha nguzo, akazifunga fito kwa kamba, moja huku na nyingine kule, hadi kiunzi kizima kikakaza, ndipo udongo ukandikwe. Udongo ndio unaoonekana na kusifiwa, lakini bila fito ungeporomoka siku ya mvua ya kwanza. Wataalamu huiweka gefirini katika kundi la protini za kiunzi, na umbile lake linastahili jina hilo. Ina ncha mbili zinazounganishwa na sehemu laini ya katikati. Ncha moja hupenda kuungana na wenzake watatu watatu, na nyingine hupenda kuungana wawili wawili. Ukichora karatasini vitu vinavyoshikana watatu huku na wawili kule, mchoro utakaokutokea ni wa pembe sita sita, kama sega la nyuki, na ndiyo sababu watafiti walipendekeza kwamba gefirini hutandaza mkeka wa namna hiyo chini ya sinapsi. Ncha ile ya wawili wawili ndiyo yenye mfuko wa kukinasa kipokezi. Kipande cha beta cha kipokezi cha glisini kina kitanzi kinachoning'inia ndani ya seli, na kipande kifupi tu cha kitanzi hicho, asidi amino (viungo vinavyojenga protini) zisizofika 20, kinatosha kunasa. Vipokezi vya GABA hunaswa katika mfuko huo huo kupitia vipande vyao vya alfa, lakini mshiko wao ni dhaifu zaidi kuliko wa glisini. Naomba msomaji aukumbuke udhaifu huo, kwa maana nitaurudia.

Ushahidi kwamba mkeka huu ndio unaoshika haukuchelewa. Mwaka 1993 watafiti waliizuia seli ya uti wa mgongo isitengeneze gefirini, na vipokezi vya glisini vikashindwa kukusanyika. Mwaka 1998 walizaliwa panya wa maabara wasio na jeni ya gefirini kabisa. Walizaliwa wakiwa na umbo la kawaida, lakini walikakamaa kila walipoguswa, na wote walikufa ndani ya siku moja. Vipokezi vya glisini vilikuwepo katika seli zao. Havikuwa kwenye sinapsi. Kila ninapofika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu ni jambo zito kwamba kiumbe anaweza kuwa na kila kinachohitajika ili atulie, ila hakipo mahali pake.

Kifo cha panya wale kilikuwa na sababu ya pili, na hainitoki akilini. Gefirini ina kazi nyingine isiyohusiana na neva: husaidia kuifunga molibdeni, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, ndani ya kiambata ambacho vimeng'enya fulani haviwezi kufanya kazi bila hicho, kikiwemo kile kinachoondoa sumu ya salfiti mwilini. Kazi hiyo ni ya kale mno. Bakteria wana protini mbili zinazofanana na ncha mbili za gefirini, na mimea, migomba na maharage ya kihambani ikiwemo, ina protini ya ukoo huo huo. Kwa maneno mengine, kabla hapajakuwa na neva duniani, protini hii ilikuwa tayari kazini; neva zilipotokea zikaikuta na kuipa kazi ya pili bila kuiondoa kwenye ile ya kwanza. Watoto wachache huzaliwa na hitilafu katika njia hiyo ya molibdeni, nao hupata degedege kali tangu siku za mwanzo za maisha yao.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kila mzazi wa hapa kwetu anaujua, nao hunisaidia kueleza kazi ya mahali. Pepopunda humkakamaza mtu hadi mgongo ukapinda kama upinde, taya zikabana, na kelele ya mlango tu ikamtia mkazo upya. Sumu ya strikinini, iliyotumika kwa miaka mingi sehemu nyingi kuua mbwa na panya, humfanya mnyama akakamae karibu vile vile. Panya wasio na gefirini nao walikakamaa. Ni mkakamao mmoja wenye milango mitatu. Sumu ya bakteria wa pepopunda huingia katika seli inayomwaga glisini na GABA, ikaikata protini inayoiwezesha kumwaga; vipokezi vipo, vimeshikwa vizuri, lakini hakuna kinacholetwa. Strikinini haiizuii glisini kumwagwa; huziba pale kwenye kipokezi ambapo glisini ilitakiwa kukaa. Na pasipo gefirini, glisini inamwagwa na vipokezi viko wazi, ila haviko mkabala nayo. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha sita ni upi kati ya milango hiyo mitatu wanaouona kuwa wa hatari zaidi, na wengi huchagua sumu. Mimi huchagua ule wa tatu, kwa kuwa ni wa ndani ya mwili wenyewe, na mwili unaweza kuufungua bila bakteria wala sumu yoyote kuingia.

Kwa muda mrefu picha iliyokuwa vichwani mwa watu ilikuwa ya kipokezi kilichopigiliwa msumari: kimefika kwenye sinapsi, kimefungwa, kimekaa. Mwaka 2003 Antoine Triller, Maxime Dahan na wenzao mjini Paris waliivunja picha hiyo. Walikibandika kipokezi kimoja kimoja cha glisini chembe ndogo inayong'aa chini ya hadubini bila kufifia upesi, kisha wakakifuatilia. Waliona vipokezi vikizurura kwa kasi nje ya sinapsi, vikiingia, vikipunguza mwendo kana kwamba vimeingia kwenye tope, vikikaa kwa muda, kisha vikitoka na kuzurura tena. Anayesimama stendi ya Moshi saa kumi jioni ataona haisi za Kibosho zimepanga foleni, na akirudi baada ya saa moja atakuta foleni ya urefu ule ule, ingawa hakuna gari hata moja kati ya yale ya awali. Sinapsi ni foleni ya namna hiyo. Idadi ya vipokezi vyake inategemea vinaingia vingapi, vinatoka vingapi, na gefirini inavikawiza kwa muda gani. Hata gefirini yenyewe hubadilishwa. Ina wasaidizi: kolibistini huisogeza hadi kwenye utando, na nyurolijini 2, inayoshikana na upande wa pili wa mwanya, huionyesha ni wapi hasa mkeka utandazwe. Kolibistini ikiharibika, binadamu huweza kupata kifafa, nalo limethibitishwa kwa wagonjwa.

Sasa ninarudi kwenye ule mshiko dhaifu wa GABA. Degedege ni mlipuko wa nyuroni, yaani seli za neva, nyingi zinazoamka kwa pamoja na kwa kurudiarudia. Kila zinapoamka, kalisi huingia ndani ya seli kwa wingi. Kalisi hiyo huamsha kimeng'enya kiitwacho kalsineurini, nacho huondoa alama za fosfeti kwenye kipande cha gama cha kipokezi cha GABA, kipande ambacho bila hicho kipokezi hakikusanyiki kwenye sinapsi. Mwaka 2009 na 2010 vikundi viwili vya watafiti vilionyesha kinachofuata: vipokezi huachwa, huanza kuteleza kwa kasi, hutoka kwenye sinapsi, na mkeka wa gefirini nao hupungua. Vikishatoka nje ya sinapsi, utando hujikunja kuvizunguka na kuvimeza ndani ya seli, ambako GABA haifiki. Watafiti waliopima panya waliokuwa katika degedege kwa saa moja walikuta kwamba vipokezi vinavyofanya kazi katika kila sinapsi ya GABA vilikuwa vimepungua kwa takriban nusu. Wakati huo huo, vipokezi vya kuamsha hupandishwa juu kwenye utando. Degedege linalodumu, basi, linajikatia lenyewe breki.

Diazepamu haina nguvu ya kutuliza peke yake. Hukaa kati ya kipande cha alfa na kipande cha gama cha kipokezi cha GABA, na inachofanya ni kukisaidia kifunguke mara nyingi zaidi pale GABA inapokigusa. Panapokuwa na vipokezi vingi kwenye sinapsi, msaada huo unatosha na mtoto analegea ndani ya dakika chache. Vinapokuwa vimemezwa, dawa inazunguka katika damu, inafika kwenye ubongo, na haikuti mahali pa kukaa. Hiyo ndiyo sababu madaktari wameweka mpaka wa dakika 5: degedege la mwili mzima likivuka hapo huhesabiwa kuwa la dharura, kwa kuwa uwezekano wa kukoma lenyewe umepungua na uwezo wa dawa kushika unapungua pia. Madegedege mengi ya homa kwa watoto wadogo hukoma kabla ya hapo na hayaachi dhara, na ni haki ya kila mzazi kuambiwa hivyo. Yale marefu ndiyo ya kuogopwa. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, mtu mmoja aitazame saa, na usafiri uanze kutafutwa mtoto angali akitikisika.

Nilimweleza mama haya yote siku moja ya Jumapili, tukiwa tumekaa kibarazani. Sikutaja kilodalton wala kalsineurini. Nilimweleza kwa fito na udongo, kisha kwa haisi za stendi, na nikamwambia kwamba yule muuguzi alisema kweli lakini hakumtupia lawama, kwani barabara hakuilowesha yeye mama, wala ufunguo hakuuficha yeye. Mama alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza: "Kwa hiyo wakati tunatafuta gari, huko ndani ndiko vilikokuwa vinamezwa?" Nikamjibu kwamba ndiyo, mama, wakati huo huo. Akatikisa kichwa taratibu. Hakusema neno jingine, na tangu siku ile sijamsikia akiyarudia maneno ya muuguzi.

Mwezi Januari, mtoto wa dada yangu alipatwa na degedege la homa nyumbani kwao Pasua, nasi tulikuwepo. Dada alimlaza ubavu juu ya mkeka, akamlegezea shati, akaifungua simu kwenye saa na kuiweka sakafuni karibu na kichwa cha mtoto. Shemeji alikwenda kuita bajaji. Mama alipiga magoti upande wa pili, mkono mmoja ukiwa mgongoni mwa mjukuu wake, macho yakiwa kwenye ile simu. Hakuna aliyetafuta kijiko. Mtikisiko ulipungua, ukabaki kwenye vidole, kisha ukaisha, na mtoto akavuta pumzi ndefu.

"Ngapi?" mama aliuliza.

"Dakika tatu na nusu, mama."

Mama akachukua ncha ya kanga yake, akampangusa mtoto povu mdomoni, na kumwambia dada yangu ambebe, kwa kuwa bajaji ilikuwa imeshafika mlangoni.